Ndoo ya rangi, begi la bahari na mkoba wa moto: kipi kinafaa kuwekea vyeti vya nyumba yako

Kwa aliye na haraka, hukumu yetu ni hii. Nunua begi la bahari la lita 10, lile linalokunjwa mdomo, uliweke karibu na mlango. Tafuta ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mpira ndani ya mfuniko kwa karatasi zinazobaki nyumbani. Mkoba wa moto, yaani mfuko wa kukinga karatasi zisiungue, uje baada ya hivyo viwili, tena kwa nyumba za aina maalumu. Na vyeti vyako vya asili usivipeleke kupigwa laminesheni, yaani kufungiwa ndani ya plastiki kwa joto, hata ukiambiwa ni bure.

Vifaa vingi vya kuhifadhia nyaraka vinavyoletwa madukani vimetengenezwa kwa ajili ya nchi ambako hofu ya kwanza ni nyumba kuungua. Nyumba huungua Unguja na Pemba pia, lakini karatasi za huku zinaliwa kwanza na maji. Masika inashuka kuanzia Machi hadi Mei, vuli inafuata Oktoba hadi Disemba, na bati lenye tundu moja la msumari linatosha kuharibu kabati zima. Walio mabondeni, kama Mwanakwerekwe, wanajua maji yanavyoingia ndani bila ya kubisha hodi. Halafu kuna unyevu wa kila siku ambao hauna kelele: hewa ya visiwani mara nyingi hupita asilimia 70 ya unyevu, na karatasi ikikaa muda mrefu juu ya asilimia 65 huanza kuota kuvu. Ile harufu ya uvundo unayoisikia ukifungua droo ya chini ni kuvu tayari limeshaanza kazi.

Kwa hiyo kila kifaa tumekiuliza mambo matatu. Maji yakifika magotini, karatasi zitabaki kavu? Zikikaa ndani miezi sita bila kufunguliwa, zitatoka bila ya kuvu? Na je, mama aliyebeba mtoto anaweza kukinyanyua kwa mkono mmoja, usiku, umeme umezimika, akatoka nacho? Hili la tatu ndilo tulilolipa uzito mkubwa, kwa sababu kasha zuri lililobaki ndani ya nyumba inayoporomoka halimsaidii mtu.

Begi la bahari

Ni begi la turubai la plastiki lenye umbo la mtungi, ambalo wapiga mbizi na waongoza watalii hutia simu, nguo kavu na pesa. Pa kuanzia kuulizia ni maduka ya vifaa vya bahari upande wa Nungwi na Paje. Lita 5 ni dogo, linalazimisha vyeti vikunjike. Lita 20 linamshawishi mtu atie na nguo, mashuka na viatu mpaka lisibebeke. Lita 10 ndiyo saizi yake. Lakini usiamini namba peke yake, kwa sababu watengenezaji hawapimi sawa: lilaze begi bapa, upime upana kwa rula. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, basi begi lenye upana wa sentimita 27 au zaidi litaipokea bila kuikunja.

Uzito usikutishe. Karatasi 500 za A4 za kawaida zina kilo 2.5. Vyeti vya familia ya watu sita pamoja na nakala zake mara nyingi havifiki hata theluthi ya hapo.

Dukani, anza na mshono. Begi zuri halikushonwa kwa uzi. Vipande vyake vimeunganishwa kwa moto, na kwenye kiungo utaona utepe wa upana wa vidole viwili, laini, usioinuka ukiukwaruza kwa ukucha. Ukiona tundu za sindano zinazotokea upande wa ndani, liache. Kisha ingiza mkono mpaka kwenye kitako, kwenye kona ambapo duara la chini linakutana na ubavu. Hapo ndipo mabegi ya bei rahisi yanapovuja, kwa sababu plastiki ya kona haikushika vizuri ilipochomwa.

Kulifunga ni kazi ya mikono miwili na ina utaratibu wake. Usijaze zaidi ya theluthi mbili. Kandamiza hewa itoke. Linganisha kanda mbili ngumu za mdomoni, zikae sawasawa ukingo kwa ukingo, halafu pitisha vidole kutoka katikati kwenda pembeni ili pasibaki mkunjo. Kunja kwa kukaza mara tatu. Mara nne ni bora zaidi. Baada ya hapo ndipo ncha mbili zinapinduliwa na kufungwa kibanio. Mkunjo mmoja tu uliobaki pembeni unageuka mfereji mwembamba, na maji huufuata ndani kama yanavyofuata uzi. Chembe za mchanga nazo hufanya hivyo hivyo, basi futa mdomo kwa kitambaa kikavu kila unapofunga. Anayekunja mara moja akaridhika kwa sababu kibanio kimelia "tak" hana tofauti na aliyeacha begi wazi.

Lipime kabla ya kuliamini. Lijaze hewa, lifunge, likandamize kwa goti na upake povu la sabuni kwenye viungo vyote; penye tundu patatoa mapovu. Ukimaliza, tia ndani karatasi ya tishu, funga tena, liweke jiwe juu na ulizamishe kwenye beseni kubwa kwa dakika chache. Tishu ikitoka kavu, begi limepita. Likivuja, rudi nalo dukani siku hiyo hiyo pamoja na tishu yenyewe.

Mapungufu yake yapo. Begi la namna hii linavumilia mvua, mawimbi na kuanguka majini kwa muda mfupi. Halikutengenezwa kukaa chini ya maji siku nzima. Jua linaligeuza gumu, na baada ya miaka kadhaa hupasuka pale pale panapokunjwa. Kwa hiyo lisitundikwe dirishani, na kila unapolifungua badilisha kidogo mahali pa mkunjo wa kwanza. Kona za mafaili magumu hutoboa kitako. Weka kipande cha kanga kuukuu chini. Na hili ni begi la karatasi tu. Lenye hewa ndani linaelea, lakini si boya la kuokolea maisha.

Ndoo ya rangi

Tunaisifu kwa moyo mmoja. Ndoo tupu ya lita 20 inapatikana kwa mafundi rangi na kwa wauza ndoo zilizotumika, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na makasha ya dukani. Siri yake iko kwenye mfuniko. Upindue, upitishe kidole kwenye mtaro unaozunguka ukingoni: pawe na pete ya mpira iliyokamilika, isiyokatika wala kuwa ngumu kama uzi wa nailoni. Ndoo nyingi zilizotumika zimepoteza pete hiyo, na bila ya pete unabaki na ndoo ya kuchotea maji.

Jaribio lake ni jepesi. Tia lita tatu za maji, gonga mfuniko kwa kiganja kuzunguka pande zote mpaka usikie umekaa, ipindue juu ya gazeti na uiache saa nzima. Gazeti likiwa na hata doa moja, tafuta mfuniko mwingine.

Chagua iliyokuwa na rangi ya maji ya ukutani. Iliyokuwa na rangi ya mafuta ina mvuke wa kemikali ambao hauishi, na mvuke huo huwa unaharibu plastiki za ndani na kuacha harufu kali. Ndoo za mafuta ya kula nazo zinafaa, ila zioshwe mara mbili kwa maji moto na sabuni; mafuta yaliyobaki kwenye mtaro wa mfuniko yanaita sisimizi na mende, na mende hula gundi ya bahasha pia. Ukishaosha, iache wazi juani siku mbili. Ndoo iliyofungwa na tone la maji ndani itakufanyia kuvu kwa kasi kuliko droo yako ya zamani.

Simamisha mafaili ndani yake, usiyalaze. Ya A4 yanasimama vizuri, na kipande cha kadibodi ngumu kinazuia yasijipinde kufuata duara. Iweke kwenye rafu ya katikati ya kabati. Mvunguni mwa kitanda maji hufika mwanzo, na juu kabisa chini ya bati joto la mchana linazeesha karatasi. Jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: ndoo ya lita 20 yenye kilo tano za karatasi ikikutwa na mafuriko itaelea, itatoka mlangoni na kwenda zake. Funga kamba ya mita tatu kwenye mpini na uishike kwenye nondo ya dirisha.

Lawama yetu ni mfuniko kuwa mgumu kufungua. Mtu mzima mwenye maumivu ya vidole hawezi, na kwenye giza hata kijana anahangaika. Funga bisibisi bapa kwa uzi kwenye mpini, ikae hapo hapo daima. Kwa sababu hiyo pia ndoo haifai kuwa chombo cha kukimbia nacho. Ni ghala. Chombo cha kukimbia nacho ni begi.

Mkoba wa moto

Huu ni mfuko wa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa silikoni, na hupatikana zaidi kwa kuagiza. Juu yake huandikwa kwamba unastahimili nyuzijoto 1,000 au zaidi. Namba hiyo inasema kuhusu kitambaa. Kuhusu karatasi iliyomo ndani haisemi kitu. Karatasi huanza kugeuka rangi na kuungua ikipita nyuzijoto 200 hivi, na kitambaa chembamba hupitisha joto ndani muda mrefu kabla ya chenyewe kuharibika. Kipimo cha kweli ni kile kinachotaja joto la ndani na muda: makasha ya moto yaliyopimwa kwa kiwango cha Marekani cha UL 72 daraja la 350 (350 hiyo ni ya Farenhaiti), kwa mfano, yanapaswa kubaki chini ya nyuzijoto 177 za Selsiasi ndani kwa nusu saa, saa moja au zaidi, kama lebo inavyosema. Mkoba usiotaja muda wala kiwango, uchukulie kama kinga ya dakika chache.

Tena fungua zipu uangalie kama kuna ulimi wa kitambaa unaoifunika. Zipu ndipo moto unapoingia, na ndipo maji ya zimamoto yanapoingia pia, kwa sababu moto mwingi huishia na maji. Wengi hawalitazami hili. Usitie begi la bahari la PVC, ambayo ni aina ya plastiki laini, ndani ya mkoba huu. PVC hulainika mapema sana na itagandana na vyeti.

Tunaupendekeza kwa anayekaa ghorofani Mji Mkongwe, kwenye ngazi za mbao na njia nyembamba, au mwenye duka la mitungi ya gesi chini ya nyumba. Kwa nyumba ya makuti hatuupendekezi kabisa. Paa la makuti likishika moto halikupi muda, na pesa hiyo ingefaa zaidi kutoa nakala na kuzipeleka kwa ndugu wa shehia nyingine.

Kasha la chuma la moto, lile zito lenye ufunguo, lina tatizo ambalo kwenye hewa yetu ni kubwa: kuta zake hujazwa vitu vyenye maji ndani yake, ndivyo vinavyopoza moto. Unyevu huo hujitoa polepole hata siku za kawaida. Kasha lisipofunguliwa wiki mbili mbili, vyeti hutoka vimelainika na vina madoa.

Kasha la mbao la bibi, lenye njumu za shaba, tunaliheshimu na mahali pake ni sebuleni. Linanyanyuliwa na watu wawili na maji yanapita kwenye viungo vyake. Sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni linashika kutu kwa chumvi ya pwani na halina mpira mdomoni.

Plastiki inayoua vyeti

Hapa tunaomba msomaji atusikilize vizuri, kwa sababu watu wanaharibu vyeti vyao kwa nia njema.

Laminesheni hupita kwenye joto linalozidi nyuzijoto 100. Karatasi za risiti na baadhi ya hati zilizochapwa kwa joto hugeuka nyeusi zote. Muhuri wa kubonyeza, ule unaousikia kwa kidole, hulazwa. Ofisa anayetaka kuupapasa ili athibitishe hawezi tena. Hati ambayo ofisi inahitaji kuigonga muhuri mwingine au kuandika nyuma, kama ya ardhi au ya ndoa, haiandikiki. Na kama karatasi ilikuwa na unyevu, umeufungia ndani milele, kwani plastiki ile haitoki bila ya kuchana. Ikataliwe hati hiyo ofisini, kurudi nyuma hakuna. Piga laminesheni nakala, tena nakala hizo ni nzuri: moja ya kitambulisho kwenye mkoba wa mtoto wa skuli, moja kwenye gari.

Mifuko ya uwazi ya mafaili nayo iko ya namna mbili. Ya PVC ni laini, inang'aa, ina harufu kama ya pazia jipya la bafuni. Kwa joto la huku wino wa fotokopi huhamia juu yake, na siku ya kutoa cheti maandishi yanabaki kwenye plastiki. Ya polipropilini inapiga kelele ukiikunja, haina harufu, na mara nyingi imeandikwa PP au namba 5. Nunua hiyo. Kama steshenari ya jirani ina ya PVC tu, tia kila cheti katikati ya karatasi mbili nyeupe kwanza.

Silika jeli

Vile vifuko vidogo unavyovikuta kwenye viatu vipya vina kazi, ila vya kiatu vimeshashiba unyevu siku nyingi. Nunua vipya, vyenye chembe zinazobadilika rangi: za chungwa hugeuka kijani zikishiba, za buluu hugeuka waridi. Kwa begi la lita 10 gramu 20 zinatosha, kwa ndoo ya lita 20 weka gramu 50. Chembe tupu zisizo kwenye kifuko cha karatasi zinaweza kurudishwa uhai kwa ovena, nyuzijoto 120 kwa saa mbili hadi tatu. Jua peke yake halitoshi.

Silika haikaushi karatasi zilizokwisha kuloa. Kausha vyeti kwanza: siku kavu ya Januari au Februari, mchana, umevitandaza mezani mbali na jua, feni polepole kwa saa mbili. Ndipo ufunge. Mchele, ambao watu huupenda kwa simu iliyoanguka majini, una maji yake wenyewe na unaleta fukusi. Chumvi huyeyuka na kumwagika. Vidonge vya nafthalini hulainisha baadhi ya plastiki, viache kwenye nguo.

Nini kiingie begini

Begi zuri lililojazwa karatasi zisizohitajika ni hasara. Mbele kabisa viwe vitambulisho: cha Mzanzibari Mkaazi, cha Taifa, na pasipoti. Kisha vyeti vya kuzaliwa vya kila mmoja, cheti cha ndoa au cha talaka, na vyeti vya vifo vya wazazi kama mirathi haijagawiwa. Nyuma yake hati ya ardhi au mkataba wa mauziano ya nyumba, kadi ya gari au ya chombo cha bahari, vyeti vya skuli na vya kazi, karatasi za mfuko wa hifadhi ya jamii. Kadi ya kliniki ya mtoto na kadi za hospitali ziingie kwenye mfuko wa peke yake wa juu, kwa sababu ndizo zitakazotakiwa usiku ule ule. Bili za umeme zilizolipwa na risiti za fanicha zibaki kwenye ndoo.

Kitu kinachosahauliwa mno ni karatasi moja tu: orodha. Andika kwa kalamu ya wino usioyeyuka au kwa penseli, maana wino wa kalamu za maji hutiririka. Kila hati na namba yake, tarehe iliyotolewa na ofisi iliyoitoa. Waraka ukipotea, utaulizwa namba kabla ya kitu chochote, na kwa kawaida safari yako itaanza kwa sheha na ripoti ya upotevu ya polisi ndipo uende kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kwa Kadhi au ofisi ya ardhi. Mwenye namba ana pa kushika. Nyuma ya karatasi hiyo andika dawa anazotumia kila mtu na kipimo chake, namba za simu za ndugu watano kwa maandishi, na madeni: unachodai na unachodaiwa, pamoja na amana za watu ulizoshika. Kuandika deni ni amri ya Qur'ani tunayoijua sote, na warithi wengi hugombana kwa sababu haikutekelezwa.

Ongeza tochi, pawabenki iliyojaa, dawa za siku saba na pesa taslimu za noti ndogo. Mtandao wa simu ukilala, pesa ya simuni hailipi boda boda. Maji ya kunywa yawe pembeni, kwenye madumu: lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, kwa siku tatu. Ukiyatia begini hutalinyanyua.

Nakala za simuni

Piga picha au skani kila hati, nukta 300 kwa inchi, ambayo kwa A4 ni picha ya pikseli 2480 kwa 3508. Kwenye simu, hati iwe mezani, mwanga wa dirishani, simu isimame sambamba, na namba isomeke ukivuta. Weka kwenye flashi mbili, moja ndani ya begi na nyingine nje ya nyumba, na uzifungue mara moja kwa mwaka kwa sababu flashi hufa kimya kimya. Usitume picha za vitambulisho kwenye kundi la familia la watu sitini. Na ukiskani kwenye duka la fotokopi, simama hapo hapo mpaka mafaili yako yafutwe kwenye kompyuta yao, pamoja na pipa la taka.

Hata hivyo, usitegemee simu peke yake. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka Bara baada ya hitilafu ya waya, na mwaka 2008 ilikuwa imeshapita karibu mwezi mzima hivyo hivyo. Nakala ya karatasi haihitaji chaji.

Nakala hizo za karatasi, seti moja kamili iliyothibitishwa na wakili, ikae mbali: wa Unguja apeleke Pemba, wa Pemba alete Unguja, au hata shehia isiyo na bonde moja na yako. Kwenye boti chukua hati ile tu unayokwenda kuitumia, ndani ya begi lililofungwa, na zilizobaki ziache nchi kavu. Bahari yetu tunaijua. Meli ya Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na Skagit ikafuata Julai 2012, na familia nyingi bado zina majonzi. Chombo kikipata msukosuko, mkono ushike jaketi la kuokolea na mtoto. Begi liachwe.

Pangeni pamoja nyumbani nani ni mshika begi na nani ni mshika mzee, na mjaribu usiku mmoja taa zikiwa zimezimwa. Kama mshika begi anatumia zaidi ya dakika moja kulipata, limewekwa pabaya. Wa nyumba za zamani za mawe na chokaa wawe wepesi zaidi. Ukuta ulionyonya maji huanguka bila ya onyo refu, na sote tuliona sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020.

Vikishaloa

Cheti kilicholoa usikivute kutoka kwenye mfuko kwa nguvu, usikipige pasi, usikianike juani. Chana mfuko pembeni, kilaze juu ya kitambaa cheupe, gandamiza tishu bila kusugua, kisha kivuli na feni. Zilizogandana ziache zikauke nusu ndipo uzitenganishe kutokea kona moja. Una saa 48 kabla ya kuvu kuota. Kama ni nyingi na huwezi kuzimaliza, zitie kwenye mfuko wa plastiki na uziweke kwenye friza. Zitasubiri huko wiki hata mwezi, na utatoa chache chache kila siku. Hati yenye muhuri wa wino mwekundu au buluu ipewe nafasi ya kwanza, kwani wino huo ndio unaokimbia.

Begi na ndoo vifunguliwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba. Angalia rangi ya silika, papasa pete ya mpira, nusa. Begi likiwa na harufu ya uvundo, toa kila kitu siku hiyo.